Kolera: jina la nyongo, ugonjwa wa maji

Kolera ni neno la Kigiriki. Limo katika maandishi ya kitabibu yanayohusishwa na Hippocrates, na wengi hulitoa katika kholē, yaani nyongo. Waganga wa kale waliamini kwamba afya hutegemea mizani ya majimaji manne ya mwili: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Aliyetapika na kuhara kwa ghafla alidhaniwa amezidiwa na nyongo. Mzizi huo ndio uliokipa Kifaransa choléra na pia colère, hasira. Na Kiswahili kilifika karibu na hapo kwa njia yake, kwani aliyeweka chuki moyoni ana kinyongo.

Jina la kale lilipachikwa ugonjwa mwingine baada ya mlipuko wa Bengal wa mwaka 1817, na tangu hapo linapotosha. Choo cha mgonjwa wa kolera hufanana na maji yaliyooshewa mchele. Rangi ya nyongo haimo. Kinachoua ni kupotea kwa maji na chumvi, pengine ndani ya saa chache. Kijidudu chake, alichokiona Filippo Pacini mjini Florence mwaka 1854 na Robert Koch akakithibitisha mwaka 1884, hupita katika maji na chakula vilivyoingiwa na kinyesi.

Pwani husema kipindupindu, neno ambalo ndani yake husikika kupinda na kupindua. Masisi na Walikale, katika Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, hutumia kolera, iliyopitia Kifaransa. Neno hilo lina makaburi huko. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma, wakachota maji ya Ziwa Kivu na kukaa juu ya mawe ya volkano ambamo kuchimba choo ni kazi ngumu. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kolera na disenteria. Hii ya pili nayo ni Kigiriki, dus na enteron, utumbo ulioharibika, na jina lake linasema kweli.

Neno kolera halijawa la zamani huko: kuanzia 2022 familia za Masisi zilikimbilia kambi za kandokando ya Goma, na kolera ikazifuata. Anayefundisha afya aliunganishe jina hilo na maji: ya kunywa, ya kunawa, na yale ya chumvi na sukari anayonyweshwa mgonjwa. Bila matibabu, kolera kali huweza kuua nusu ya wagonjwa. Wakirudishiwa maji mapema, hufa chini ya 1 katika 100.