Jasho la Fundi wa Mageti

Tarehe 1 Mei, 2025, katika sherehe za Mei Mosi mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai mwaka huo. Watumishi walishangilia, na walistahili. Lakini yuko mfanyakazi asiye na Mei Mosi ya kutangaziwa lolote: fundi wa mageti na milango ya chuma, yule tunayemkimbilia alfajiri geti linapogoma na gari limo ndani.

TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Uhamiaji wenyewe ulishika kasi mwaka 2016. Tangu hapo nyumba zimeenea pande zote za mji, na karibu kila nyumba ina geti. Hata nchi yenyewe humpa fundi kazi. Vumbi la kiangazi hujaa kwenye reli ya geti la kuteleza na kuzila beringi za magurudumu. Mahali pengi udongo huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, nguzo zikainama, bawaba zikakatika.

Je, fundi huyu anapata nini? Ili afikie hizo shilingi 500,000 kwa siku 25 za kazi, hana budi kubakiza 20,000 kila siku, baada ya kulipia umeme, vijiti vya kuchomelea, nauli, pango la kibanda na kijana anayemshikia chuma. Siku isiyo na mteja, deni la 20,000 linahamia kesho yake. Amri ya kima cha chini haimhusu, kwa kuwa hana mwajiri. Macho yakiunguzwa na mwanga wa mashine, hakuna likizo ya ugonjwa.

Nasi wenye mishahara tunafanyaje? Geti jipya tunalilipia bila manung'uniko mengi, maana chuma tunakiona. Matengenezo tunayapigia kelele: "Fundi, umekaa dakika ishirini tu, elfu tano inakutosha!" Ndugu mwalimu, ungekubali kulipwa kwa dakika ulizoshika chaki, bila kuhesabu miaka ya chuo na madaftari uliyosahihisha usiku? Fundi hutumia dakika ishirini kwa sababu alitumia miaka kujifunza.

Ofisini mambo ni mabaya zaidi. Mara nyingi kazi ya kutengeneza geti hupewa kampuni yenye karatasi zote, nayo humfuata fundi yule yule chini ya mti na kumpa makombo. Huu ni udalali wa jasho la mtu. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Nayo VETA huwapima na kuwapa vyeti waliojifunza ufundi kazini. Mkuu wa shule na afisa ununuzi wanaoyajua haya wawaeleze vijana wa kuchomelea walio jirani nao, wajisajili kikundi.

Nyumbani hatuhitaji sheria. Tumtake fundi aandike bei ya vifaa mbali na bei ya kazi yake, tupatane hadharani, kisha tumlipe siku ile ile anapomaliza. Kumwambia asubiri mshahara utoke ni kumkopa mtu ambaye hata umeme wake hununua kwa fedha taslimu.