Sponji Ikichanika, Mkataji Asikatwe Mshahara



Katika kiwanda kimoja cha magodoro na makochi hapa kwetu Uganda, mwenzetu alikatwa mshahara kwa sababu bonge la sponji lilichanika mashineni. Tulipokwenda ofisini kumtetea tukajibiwa kwamba mashine ile inaongozwa na kompyuta, na kompyuta haikosei, kwa hiyo aliyekosea ni mtu. Tulirudi nalo jibu hilo tukalifikiria. Leo tunalijibu katika ukurasa huu, maana tunajua wako wengi wanaoambiwa maneno hayo hayo.

Ndugu zetu wa mashamba ya chai na miwa huenda hawajaiona mashine yenyewe. Ni meza kubwa, na juu yake ipo mota iliyoshika kisu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika moja. Kompyuta huipeleka mota hiyo mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, kwa kufuata mchoro. Ile tunayoisema ilinunuliwa kukata mbao za makochi. Baadaye ikaamriwa ikate na sponji, kwa visu vile vile vya mbao. Hapo ndipo matata yalipoanza.

Ubao husimama ukakingoja kisu. Sponji laini haisimami. Kisu kikiigusa hubonyea na kukwepa, halafu huvutwa ikachanika, kama mkate wa moto unaokatwa kwa kisu butu. Kwa hiyo kisu cha sponji sharti kiwe kikali kama wembe, na viko visu virefu vyenye meno ya msumeno vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kisu kilichokata mbao wiki nzima hakifai hata kidogo. Tena sponji sharti ishikwe. Meza inayonyonya hewa hushika ubao barabara, lakini sponji ina matundu, hewa hupita tu. Wanaoijua kazi huifunika kwa karatasi ya plastiki ili hewa isipite, au huibandika juu ya ubao. Kuibandika kunataka dakika kadhaa, na dakika hizo hazimo katika hesabu ya msimamizi.

Ile nyeupe ya kufungia redio na televisheni ina tabia nyingine. Adui yake ni joto. Ikikaribia digrii 100 hulainika, ikaganda kwenye kisu na kuacha ukingo wenye madonge. Hapo mzunguko wa kisu hupunguzwa, au mwendo wa kusonga mbele huongezwa, ili kisu kiume vipande badala ya kusugua mahali pamoja.

Liko na jambo la subira. Bonge la sponji ya magodoro likitoka kumiminwa, ndani yake huwa na joto kupita digrii 100. Hulazwa kama siku nzima mahali penye hewa kabla ya kukatwa. Likiharakishwa linaweza kupinda baada ya kukatwa, na mabonge mapya yaliyorundikwa pamoja yamewahi kuwaka moto yenyewe.

Sasa tuulize: katika mambo hayo yote, lipi limo mikononi mwa mwendesha mashine? Visu hununuliwa na ofisi. Mwendo hupangwa na fundi wa ofisi, na namba ya siri ya kuubadilisha anayo yeye peke yake. Saa za bonge kulala hufupishwa na ofisi oda zikiwa nyingi. Mwenzetu alibakiwa na kitufe cha kuwashia na kitufe cha kuzimia, na ndiye aliyelipishwa bonge zima.

Hatusemi mfanyakazi hakosei kamwe. Tumewaona wenzetu wakivua barakoa kwa sababu ya jasho, na tumemwona mmoja akijaribu kukata sponji ya godoro kwa waya wa moto, kama inavyokatwa ile nyeupe. Tulimkemea sisi wenyewe. Sponji ya godoro ikiunguzwa hutoa gesi za sumu, miongoni mwao sianidi, pamoja na mvuke wa dawa za aina ya isosianati. Mvuke huo huleta pumu. Mtu akishaathirika nao, hata kidogo tu baadaye humbana kifua. Kisu butu kinachosugua hadi moshi utoke si kisu cha kuvumiliwa, na ukiona moshi, zima. Vumbi lake nalo ni jepesi, hurushwa na kisu, hugandia nywele na nguo, na huwaka. Linyonywe pale pale kwenye kisu, lisifagiliwe jioni watu wakiwa wamekwisha kulivuta.

Juu ya mshahara, Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema makato yawe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi au mapatano ya pamoja. Ghadhabu ya msimamizi haimo. Na Mkataba Namba 155 wa mwaka 1981 unamlinda anayejitoa penye hatari kubwa ya karibu, asiadhibiwe kwa hilo.

Hatuichukii mashine. Mwezi Mei 2023 huko Kericho, Kenya, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto kwa hasira ya kupoteza kazi. Hasira ile tunaielewa, lakini sisi tunataka watu wetu wafundishwe mashine hizi, wapewe namba ya siri, na wawe na neno juu ya kisu na mwendo. Tajiri anayetaka ukingo safi atanunua visu vya sponji na kuliacha bonge lilale.

Mkataba wa pamoja unazungumzwa upya. Tumeomba yaandikwe haya: visu vya sponji viwe mbali na vya mbao, mwendesha mashine awe na haki ya kukataa kisu butu, mashine ya kunyonya vumbi iwepo kabla ya zamu kuanza, na pasiwe na makato ya bonge kabla tawi halijaliona bonge lenyewe. Wenzetu wa zamu ya usiku wamekusanya visu vilivyokwisha makali, vimejaa kopo la rangi. Siku ya mazungumzo kopo hilo tutalimimina mezani mbele ya meneja, tumwombe akate sponji.