Mgonjwa wa Kisukari Kati ya Daktari na Saumu

Ndugu Waislamu, kwa nini mgonjwa aliyeshauriwa na daktari asifunge hufunga? Swali hili hurejea kila Ramadhani katika nyumba zenye wagonjwa wa kisukari.

Utafiti wa EPIDIAR wa mwaka 2001, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 12,000 katika nchi 13, ulionyesha kuwa takriban asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga siku 15 au zaidi. Wenye aina ya kwanza, ambao hatari yao ni kubwa zaidi, walikuwa asilimia 43. Kulazwa hospitali kwa sababu ya sukari kushuka mno kuliongezeka zaidi ya mara nne kwa aina ya kwanza, na zaidi ya mara saba kwa aina ya pili.

Tusiharakie kuwaita wakaidi. Mzee aliyefunga tangu ujana huona haya kula mchana mbele ya wajukuu. Daktari akimwambia "usifunge" bila kumweleza sababu, hunyamaza kwa adabu, kisha hurudi nyumbani akatia nia. Masikioni mwake, ameambiwa aache ibada.

Ilhali Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Asiyetarajiwa kupona, wanavyuoni wamesema atoe fidia kwa kulisha maskini. Kuipokea ruhusa ya Mola nako ni utiifu.

Wengine hufunga lakini hukataa kupima sukari, wakidhani tone la damu kidoleni hubatilisha saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa damu ya vipimo haifunguzi, wala sindano ya dawa isiyo ya lishe. Nao madaktari husisitiza: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6, mgonjwa afungue papo hapo.

Basi wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani, familia impeleke mgonjwa kliniki. Huenda akaruhusiwa kufunga kwa kubadilishiwa dawa. Akikatazwa, sheikh amtulize moyo, nasi tumwandalie chakula chake cha mchana bila kumsimanga. Mgonjwa hufuata ushauri alioufahamu, na ambao nyumba yake haimwonei aibu kuufuata.

Wallahu aalam.