Paka Akimng'ata Njiwa

Hapa Same wengi wetu tunafuga paka ili panya wasimalize mahindi. Tunafuga pia kuku, na watoto wanafuga njiwa. Siku nyingine paka humkamata njiwa. Watu husema, "Kidonda ni kidogo, atapona." Mimi nasema hapana.

Mate ya paka yana vijidudu vingi. Meno yake membamba huviingiza ndani sana. Juu huonekana tundu dogo tu, lakini ndege anaweza kufa kwa siku moja au mbili.

Fanya hivi. Damu ikitoka, ikandamize polepole kwa kitambaa safi. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Mweke ndege kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza na joto. Huku milimani, kama Chome na Mamba, baridi ya usiku humwua ndege mgonjwa. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Siku hiyo hiyo mwone bwana mifugo.

Usimpe vidonge vya rangi mbili ulivyopewa zahanati. Hizo ni dawa za watu. Zikitumiwa ovyo, vijidudu huzizoea, na kesho hazitamponya mtoto wako.

Je, wewe mwenyewe umeng'atwa au kuparuzwa ulipomwokoa ndege? Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kisha nenda upesi kituo cha afya uulize chanjo. Paka pia huambukiza kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishaanza, karibu hakuna anayepona.