Kijapani si Kozi ya Kuokotea A

Wanachuo wenzangu, nikiri kwanza: Kijapani nilikichagua kwa sababu niliambiwa ni A ya bure. Na kweli niliipata. Irabu zao ni a, i, u, e, o kama zetu. Benchi kwao ni benchi, keki ni keki, ila hiyo e ya kwanza wanaivuta. Wiki ya pili tu nikajiona Mjapani kamili.

Kozi ilipokwisha, akaja mgeni, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Osaka, ambako mtu anaweza kusoma shahada nzima ya Kiswahili. Kantini akamwamkia mama ntilie: "Shikamoo mama, naomba wali maharage." Na mimi nikataka kuonyesha yangu. Nikakusudia kumwita yule mama "obasan", shangazi. Nikavuta a, likatoka "obaasan", yaani bibi! Dada wa watu akacheka kwa adabu, akarudi kwenye Kiswahili. Tulipiga stori saa nzima, kwa lugha yangu. Ile A ilikaa kimya.

Simlaumu mwalimu, amepewa mihula 2 tu. Humo unamaliza hiragana na katakana, herufi 46 kila moja, na kanji za kuhesabu, wakati orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina 2,136. Mtihani wa JLPT una ngazi 5, na N5 ndiyo ya chini kabisa. Kozi yetu inatufikisha mlangoni pa N5, halafu basi.

Wapo wanaosema: Kijapani cha nini, si hata wanaokwenda kusoma uzamili kule kwa mpango wa ABE wanafundishwa kwa Kiingereza? Sawa, darasani. Lakini dukani, hospitalini na kwa mwenye nyumba utazungumza nini?

Ninachodai ni kidogo: muhula wa 3 na wa 4 kwa anayetaka kuendelea. Kama chuo hakiwezi, basi kituambie siku ya usajili, tusije tukadhani tunasoma lugha kumbe tunaonjeshwa.

Na sisi pia tuache kuokoteza A. Chuo hakitaongeza kozi ambayo wanafunzi wenyewe wanaikimbia wakishapata alama. Karatasi ya maombi iko ofisi ya serikali ya wanafunzi. Mpaka jana tulikuwa 11. Pita utie saini.