Shahada ya Pili na Kazi ya Uhandisi: Nyumba Ishauriwe Kwanza



Ndugu zetu, hapa Kampala wapo vijana wetu wahandisi wanaofanya kazi mchana na kusoma shahada ya pili jioni. Tunawapongeza, kwani kutafuta elimu ni ibada. Lakini tumeona nyumba zikiingia dhiki kwa jambo hili la kheri, na si vizuri tunyamaze.

Tufanye hesabu. Jioni tatu kwa wiki, saa mbili kila jioni, ni saa 6. Kila saa ya darasani inataka kama saa mbili za kujisomea. Jumla ni saa 18, yaani zaidi ya siku mbili za kazi kila wiki. Saa hizo lazima zitoke kwa mtu: kwa mke au mume, kwa watoto, au kwa mwajiri.

Kijana mmoja, jina tunalihifadhi, aliondoka saiti kuwahi darasa huku zege la nguzo likimwagwa. Nyuma yake mafundi wakaongeza maji ili kazi iwe nyepesi. Maji yakizidi, zege hupoteza nguvu. Nguzo zile zilivunjwa. Kazi ni amana. Asiondoke mtu bila ruhusa ya maandishi na bila mhandisi mwenzake wa kushika nafasi yake.

Nyumbani nako, wengine hulipa ada kwanza ndipo mke aambiwe. Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 233, imetaja kuridhiana na kushauriana kwa wazazi hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Vipi jioni za miaka miwili zisishauriwe? Na akiwa mke ndiye mhandisi anayesoma, mume naye aingie jikoni na akague madaftari ya watoto.

Vijana hututajia marehemu Fazlur Rahman Khan, Muislamu aliyezaliwa Dhaka mwaka 1929, mhandisi wa Sears Tower ya Chicago. Ni kweli alipata shahada mbili za uzamili na ya udaktari kwa miaka mitatu. Lakini alikwenda Marekani mwaka 1952 kwa ufadhili, kusoma tu. Tusijipime kwa mizani isiyo yetu.

Rai yetu: chuo kikiruhusu, chukua masomo machache kila muhula, hata kama utamaliza kwa miaka minne. Jioni moja ya wiki iwe ya watoto, isiguswe hata wakati wa mitihani. Na kwa kuwa hapa karibu na ikweta jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, kipindi cha saa kumi na mbili hadi saa mbili kitagongana na Maghrib daima. Muombeni mhadhiri dakika kumi tangu wiki ya kwanza.

Shahada ikija, inshaallah, nyumba nzima ifurahi, si mwenye joho peke yake.

Wabillahi tawfiq.