USHURU WA HEWA UKAA: KAMA LAZIMA ULIPWE, ULIPWE HAPA NYUMBANI



Tangu Januari 1, 2026 Umoja wa Ulaya unatoza gharama ya hewa ukaa kwenye chuma, alumini, saruji, mbolea, haidrojeni na umeme unaotoka nje. Wapo wanaosema hayo hayatuhusu, sisi tunauza korosho na kahawa. Wanakosea.

Someni orodha yenyewe. Mawe ya chuma yaliyochimbwa tu hayamo, ila chuma kilichoyeyushwa kimo. Ukiuza jiwe unapita bure, ukiuza nondo unatozwa. Na sisi tuna chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, miaka yote tunaahidiwa kiwanda. Tukiyeyusha kwa makaa yale bila kujipanga, kila tani itakayokwenda Ulaya itaondoka na deni.

Mimi ni mtu wa hesabu, nauliza: nani analipa, na hela inaingia mfuko gani? Kwenye karatasi analipa mwagizaji wa Ulaya. Kiukweli ataikata kwenye bei anayompa muuzaji. Fedha inabaki kwao, wakati Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia. Mkataba wa Paris wa 2015 unakubali kwamba wajibu ni wa wote lakini haulingani. Hata hivyo nchi maskini hazikupewa msamaha. Huo ni uonevu, na tuuite hivyo.

Lakini malalamiko hayajazi hazina. Sheria hiyo hiyo inasema kilicholipwa kama gharama ya hewa ukaa nchini kwa mzalishaji kinapunguzwa kwenye deni. Tusipotoza sisi, watatoza wao.

Kwa hiyo tawi lisimamie haya:

1. Serikali iweke tozo ya hewa ukaa kwa viwanda vinavyouza bidhaa hizo Ulaya tu. Fedha iingie mfuko maalumu unaokaguliwa na CAG.

2. Tupime wenyewe moshi wa viwanda vyetu. Asiye na vipimo anakadiriwa, na makadirio yanaongezwa juu.

3. Mkataba wowote wa Liganga uoneshe hesabu ya hewa ukaa, na uoneshe wapi tanuri la umeme litachukua nafasi ya makaa. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Zitufanyie kazi.

Tutalijadili kikao kijacho cha tawi. Anayepinga anakaribishwa, aje na hesabu.

Katibu wa Tawi